Kumfundisha mtoto mdogo kutoa: kuanzia kipande cha kashata hadi kopo la sadaka

Mtoto wa miaka minne anajua kwamba kugawana ni vizuri. Muulize, atakujibu kabla hujamaliza swali. Kisha mpe peremende nne mbele ya mwenzake asiye na kitu, uone zinakwenda wapi. Mwaka 2013 watafiti Craig Smith, Peter Blake na Paul Harris walichapisha matokeo ya jaribio la stika walilofanya na watoto wa miaka 3 hadi 8. Hata wadogo kabisa walisema mgawo uwe sawa kwa sawa, lakini stika zilipokuwa mikononi mwao walijibakizia nyingi. Waliotenda walichokisema ni wale wa miaka 7 na 8. Utafiti uliofanyika Uswisi na kuchapishwa katika jarida la sayansi la Nature mwaka 2008 ulikuta mambo yaleyale: wa miaka 3 na 4 wengi hujipendelea, na wakifika 7 na 8 wengi huchagua usawa.

Ndiyo maana mahubiri hayasaidii sana katika umri huu. Unachotaka kumhubiria, mtoto ameshakisikia. Anachokosa ni mazoezi ya kutoa kitu kilicho chake kweli, akiamua mwenyewe, kwa mkono wake, huku akimwona anayepokea. Sarafu unayomtia mkononi mlangoni mwa kanisa ili akaitumbukize kapuni ni sadaka yako wewe. Yeye ametumwa tu, kama anavyotumwa chumvi dukani. Haina ubaya, ila usiihesabu kuwa ndiyo mafunzo.

Kabla ya miaka mitatu: pokea anachokupa

Mafunzo ya kwanza hayahitaji matayarisho, kwa sababu mtoto wa mwaka mmoja na nusu huyaanza mwenyewe. Anakunyooshea biskuti iliyolowa mate. Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea: "Kula tu mwanangu, mama kashiba." Kwa nia njema kabisa tumemrudishia mkono wake. Pokea. Umega kidogo ule, au ujifanye unakula kama biskuti imeshapita jikoni na uani. Sema ahsante, na uso wako uonyeshe kwamba umekula kitu.

Kosa la pili ni utani. Mjomba anamwambia mtoto "Nipe na mimi", mtoto anatoa, mjomba anacheka na kumrudishia: "Nilikuwa nakujaribu." Baada ya mara kumi mtoto ameelewa kwamba anayeomba haombi kweli na kilichotolewa hurudi. Siku dada yake akila kile kipande kweli, nyumba haitakalika. Ukiomba, kula. Kama hutaki kula, usiombe.

Katika umri huu usidai mgawo. Wingi wa anachotoa hauna maana yoyote. Mwaka 2012 Lara Aknin na wenzake huko Vancouver, Kanada, walipima furaha ya watoto wasiofika miaka miwili kwa kuwaangalia nyuso. Walionekana wachangamfu zaidi walipompa mwanasesere vitafunio kuliko walipopewa wao, na zaidi tena vitafunio hivyo vilipotoka katika bakuli lao wenyewe. Hiyo ndiyo sababu ya kusisitiza kitu kiwe chake.

Miaka mitatu hadi mitano: anza na chakula kinachogawanyika

Pipi ya kijiti haigawanyiki. Ndizi moja inagawanyika kwa machozi. Tumia vitu vidogo vinavyohesabika: vipande sita vya kashata, punje za karanga, chungwa lililochambuliwa, visheti. Chagua saa ambayo mtoto hana njaa wala usingizi. Saa kumi alasiri baada ya kulala ni nzuri, saa moja jioni kabla ya chakula ni kutafuta ugomvi.

Weka vipande sita kwenye sahani yake na umwambie wazi kwamba ni vyake vyote. Acha ale kimoja au viwili kwanza, maana mtoto hatoi kitu ambacho bado haamini ni chake. Kisha uliza, "Utampa dada vingapi?" Swali la "vingapi" humpa kazi ya kuamua, ilhali "Utampa?" humpa nafasi ya kusema hapana na kufunga mazungumzo. Akisema kimoja, ni kimoja. Usiongeze cha pili kwa mkono wako kutoka sahani yake, hata kama mgeni anaangalia na unaona haya. Akisema hakuna, mwambie "Haya, labda kesho," kisha wewe mmegee dada kutoka sahani yako, bila kumtupia jicho.

Nadia Chernyak na Tamar Kushnir waliliangalia hilo la kuamua mwenyewe katika utafiti uliotoka mwaka 2013. Watoto wa chekechea walioachiwa uamuzi mgumu, wa kubaki na stika yao au kumpa mwanasesere mwenye huzuni, walitoa stika nyingi zaidi walipokutana na mwanasesere mwingine kuliko wale walioambiwa tu watoe. Mtoto aliyelazimishwa amejifunza kutii, nalo ni jambo jema, lakini ni somo jingine.

Akishatoa, mwelekeze macho kwa aliyepokea: "Mwangalie dada anavyotafuna." Usimlipe. Mwaka 2008 Felix Warneken na Michael Tomasello wa Leipzig walionyesha kwamba watoto wa miezi 20 waliopewa zawadi kila waliposaidia walipunguza kusaidia zawadi zilipokoma, kuliko wasiopewa chochote. "Ukimpa mwenzio nitakununulia soda" ni mkataba wa biashara, na mtoto ataujadili kila siku, tena kwa bei inayopanda.

Na neno "mchoyo" liondoke kinywani mwa kila mtu nyumbani, bibi na shangazi wakiwemo. Mtoto wa miaka mitatu anayeng'ang'ania kitu chake hana tabia bado, ana umri. Ukimbandika jina mbele za watu, ataanza kulijibu.

Vitu vya kuchezea ni vigumu kuliko chakula kwa sababu havigawanywi, vinaazimwa. Kabla binamu hawajafika, mwache achague vitu viwili asivyotaka viguswe, mvifungie kabatini pamoja. Vilivyobaki nje ni vya wote hadi wageni waondoke. Zamu zipime kwa kitu anachokiona: baiskeli mizunguko miwili ya uwanja, bembea kuhesabu mpaka ishirini. "Dakika tano" kwake ni maneno tu.

Kopo la kutoa

Akiweza kuhesabu hadi kumi na kujua kwamba sarafu hununua vitu, karibu na miaka mitano, anza na fedha. Kibubu cha mbao kilichopigwa misumari kinamfaa mtu mzima mwenye subira. Mtoto haoni kinachoingia, na siku ya kukivunja iko mbali mno. Tafuta makopo matatu ya plastiki yanayoonyesha ndani, yale ya siagi ya karanga yanafaa sana, uyaoshe kwa maji moto na sabuni mpaka harufu itoke, ama sivyo sisimizi watakuwa wateja wa kwanza. Kila moja libandike picha badala ya maandishi: peremende kwa kutumia, baiskeli au mpira kwa kuweka, mkono kwa kutoa.

Fedha aipate kwa sarafu zinazogawika. Ukimpa sarafu moja ya shilingi 500 ya Tanzania umemnyima zoezi lote. Mpe tano za 100. Kwa Kenya, tano za shilingi 5 au za 10. Kila Jumamosi asubuhi, sarafu tano mezani: mbili kutumia, mbili kuweka, moja kutoa. Akitaka kutia mbili kwenye kutoa, aachwe. Akitaka kutotia hata moja, kubaliana naye mapema kwamba sarafu moja ya kutoa ni utaratibu wa nyumba kama kupiga mswaki, lakini pa kuipeleka ataamua yeye. Hapa ndipo penye uhuru wake, na inatosha.

Muda wa kufungua kopo ndio unaoharibu zoezi katika nyumba nyingi. Kwa mtoto wa miaka mitano, wiki mbili. Kwa wa miaka saba, wiki nne. Zaidi ya hapo ameshasahau kwa nini anaweka. Baada ya wiki nne kuna shilingi 400, kiasi cha penseli mbili tatu kwa Mangi wa duka la mtaani. Ni kidogo, nacho ni kizuri hivyo hivyo, kwa sababu anaweza kukishika na kukipeleka mwenyewe.

Siku ya kufungua mpe njia mbili, zisizidi tatu, na ziwe za watu au mahali anapopajua: penseli za mwenzake darasani ambaye huazima kila siku, kipande cha sabuni kwa bibi jirani anayeuguzwa, au kapu la msikitini au kanisani. "Watoto maskini wa dunia" ni watu asiowaona; mtoto wa miaka sita hawezi kuwafikia kwa fikra zake. Ukipenda kuongeza, ongeza kiasi kisichozidi chake. Ukichanganya 400 zake na elfu kumi yako, mchango wake umezama na yeye anaona.

Mtoto anunue mwenyewe, abebe mwenyewe, akabidhi mwenyewe. Wewe simama nyuma hatua mbili.

Onyo moja ambalo halimo katika vitabu vya malezi: usikope kwenye kopo hilo. Nauli ikipungua asubuhi, kopo la mtoto liko karibu sana, na "nitarudisha jioni" ina tabia ya kusahaulika. Mtoto huhesabu. Ukikopa mara moja bila kurudisha, kopo limekufa, na hutapata maelezo yatakayolifufua.

Kuna tatizo jipya kidogo: siku hizi michango ya nyumbani inapita kwenye simu. Baba anachangia msiba au matibabu ya ndugu kwa kubonyeza namba, na mtoto anaona baba amekaa tu na simu. Sema kwa sauti: "Natuma mchango wa msiba wa kina Mzee Juma, ili wapate chakula cha waombolezaji." Sentensi hiyo moja inatosha. Na kama mtaani kwenu bado kuna daftari la michango, nenda naye akuone ukiandikisha jina.

Nguo na midoli

Kazi hii ifanyike mara mbili kwa mwaka, mtoto akiwepo. Kugawa vitu vyake akiwa shuleni ni njia ya haraka ya kumfanya aanze kuficha vitu chini ya godoro. Toa nguo tano zisizomtosha, achague tatu za kutoa. Mbili zibaki hata kama hazina kazi. Ataziachia zamu ijayo.

Kila kinachotolewa kipite mtihani mmoja: rafiki yako akija shule kesho amekivaa, utafurahi au utaona aibu? Vifungo viwe kamili, zipu ipande na kushuka, pasiwe na tundu wala doa la mafuta. Fua, anika, piga pasi, kunja. Chupi na soksi zilizovaliwa hazitolewi. Viatu vifungwe pamoja kwa kamba zake ili kimoja kisipotee. Mdoli wa betri ujaribiwe na betri zitolewe zisije zikavuja. Kisichofaulu ni takataka au ni tambara la jikoni. Kumpa mtu kitu kibovu kunamfundisha mtoto kwamba kutoa ni namna ya kutupa.

Futari, fitri na mkono wa Idi

Ramadhani ina shule nzima ndani yake. Mtoto wa miaka minne hadi sita anaweza kupeleka futari kwa jirani, ila asipewe uji wala mchuzi wa moto: mpe tende, maandazi manne au kaimati zilizopoa katika chombo chenye kifuniko, wewe ubebe bakuli la moto. Mfanyie mazoezi nyumbani: hodi, shikamoo, mkono wa kulia, "Tumeleta futari kidogo", kisha kuaga. Akirudi asiulizwe wamekupa nini. Majirani wengi hawarudishi sahani tupu, nayo ni desturi nzuri, lakini mtoto akizoea kungoja sahani irudi na kitu atakuwa anafanya biashara.

Zakatul-fitri ni ya kupimwa kwa mikono, kwa hiyo inafaa sana. Kila aliyemo nyumbani hutolewa pishi moja ya chakula kinacholiwa mahali hapo, yaani vibaba vinne, ambavyo hukadiriwa kama kilo 2.5 hadi 3. Fuata makadirio ya masheikh wenu. Chukua kibaba, mwache mtoto achote mchele, vinne kwa baba, vinne kwa mama, vinne kwa kila mtoto, hata mchanga aliyezaliwa jana. Aweke kila pishi kwenye mfuko wake. Mtoto wa miaka sita akimaliza amejumlisha, amezidisha, na ameona kwa macho kwamba yeye pia ana fungu lake. Ifike kwa wanaostahili kabla ya swala ya Idi, kwa hiyo kupima kufanyike siku moja au mbili kabla. Asubuhi ya Idi kila mtu anatafuta kanzu. Mwambie pia tofauti: hii ni faradhi na mwenye nyumba huwatolea wote, ile ya kopo ni sadaka na ni yake.

Kisha unakuja mkono wa Idi, ambapo mtoto ana fedha nyingi kuliko siku nyingine yoyote. Usimnyang'anye "nikuwekee". Tumia utaratibu uleule wa moja katika tano, siku hiyo hiyo kabla hajafika kwenye bembea. Kwa familia za Kikristo Krismasi na misa ya mavuno hufanya kazi hiyohiyo. Mavuno ni mazuri zaidi kwa sababu mtoto hupeleka kitu: mahindi matatu, papai, yai la kuku anayemlisha yeye.

Mtu anayeomba njiani

Katika miji ya pwani siku ya Ijumaa utawakuta wanaoomba wakipita madukani na nje ya misikiti. Sheria zetu ni chache: mtoto atoe akiwa ameshikwa mkono mwingine, kamwe si dirishani mwa gari kwenye mataa, asalimie kwanza, aweke mkononi, asirushe. Kama hamna, msipite kama mnapita nguzo: "Samahani mzee, leo hatuna."

Atauliza, tena kwa sauti, kwa nini yule hana mguu. Jibu kwa ukweli na kwa ufupi: "Sijui, labda aliugua au alipata ajali. Anatembea kwa magongo." Jibu la kuepukwa kabisa ni lile la kutishia, "Usiposoma utakuwa kama yeye." Umemfundisha kumdharau aliyempa, dakika ileile aliyompa.

Kwenda kwenye kituo cha watoto

Chini ya miaka sita, subiri. Yatima wa kwenye picha ni mbali. Shangazi mgonjwa wa mtaa wa pili yuko karibu. Ukifika wakati, piga simu wiki moja kabla na uulize mambo mawili: kama kituo kimesajiliwa na Ustawi wa Jamii, na kitu gani kinapungua. Mara nyingi utaambiwa unga, mafuta ya kupikia, sabuni ya kufulia, taulo za kike, dawa ya mbu. Watu hupeleka biskuti na soda kwa sababu wanawaza watoto wao. Angalia tarehe za mwisho za matumizi kabla hujalipa.

Siku za sikukuu vituo hujaa wageni. Januari, shule zikifunguliwa, madaftari na sare ndiyo shida yenyewe. Nenda Januari.

Mwandae mtoto: asiulize "Mama yako yuko wapi?", asipige picha, asigawe pipi kwa kuwapanga wenzake foleni. Mzigo ukabidhiwe kwa mlezi, kisha watoto wachezeshwe mpira pamoja kama wenye mpira wako radhi. Na wewe uweke simu mfukoni. Injili ya Mathayo inasema mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kuume, na hadithi ya Mtume kuhusu watu saba watakaopewa kivuli na Mwenyezi Mungu Siku ya Kiyama inamtaja anayeficha sadaka kwa maneno yanayofanana sana na hayo. Kwa jambo hili wazazi wa dini zote mbili hawana kisingizio.

Yanayokwenda kombo

Ametoa, kisha analia anataka kirudi. Usikirudishe na usimkemee. "Umekikumbuka. Ni cha Asha sasa." Mkumbatie. Safari ijayo mwanzishe na kitu kidogo zaidi; kulia ni dalili kwamba ulimrukisha ngazi.

Nyumbani hakuna cha kutoa. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mtoto anaweza kumfagilia bibi uwanja, kumpeleka mzee asiyeona hadi dukani akiwa na mtu mzima, kumchotea mama mjamzito wa jirani maji kwa kidumu cha lita tatu. Ila kazi iwe aliyoiamua yeye, kwa sababu watoto wetu hutumwa kutwa nzima na kutumwa hakuhesabiwi.

Na kuna mtoto wa aina ya pili, anayesahaulika kwa kuwa hasumbui: yule anayetoa kila kitu. Penseli kila siku inapotea, chakula cha shule kinaliwa na wengine, juzi ametoa kandambili za kaka yake. Usimsifu kwa hayo. Kwanza chunguza kama kuna anayemtisha, muulize mkiwa wawili, "Ukisema hapana, anafanyaje?" Kama anatishwa, nenda kwa mwalimu siku hiyohiyo. Kama ni moyo tu, mpe kanuni: chako unatoa, cha nyumbani unauliza kwanza, cha shule hakitolewi mpaka kengele ya mwisho. Mpakie kipande cha pili cha mkate kilicho cha kugawa, na kile cha kwanza umwambie ni chake, akile mpaka kiishe.